Miringaringa ya mama ishirini na sita

Mara ya kwanza nilipanda miche 60 ya mringaringa kando ya barabara ya mtaa wetu, hapa Forest, Mbeya. Mbegu zote niliziokota chini ya mti mmoja nyuma ya nyumba ya jirani: umenyooka, kivuli chake kipana, ukichanua unajaa nyuki. Niliamini nimechagua vizuri.

Kiangazi cha pili kilipoisha ilibaki miche 11. Udongo wa pale umeshindiliwa na magari, na ndoo zetu za maji hazikutosha. Lakini kilichoniuma zaidi ni jinsi ilivyokufa. Majani yalianza kujikunja karibu wiki ile ile, mche huu na ule, kama ndugu walioshikwa na ugonjwa mmoja.

Na kweli ilikuwa ndugu. Aliyenifumbua macho ni mama ninayenunua maharage kwake sokoni. Nilipomsimulia, alichota kwenye gunia maharage ya rangi tano au sita.

“Mwanangu, sisi hatupandi ya rangi moja. Mvua ikizidi, haya yanaoza, yale yanabaki. Wewe umepanda watoto wa tumbo moja, unategemea nini?”

Nikakumbuka misaipresi. Vidukari wake, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, walionekana Malawi mwaka 1986, ng'ambo tu ya Kyela, na ndani ya miaka michache walikuwa wameshafika Kenya, wakikausha miti mashambani na kwenye nyua. Mwaka 1990 mtaalamu wa vinasaba vya miti wa Marekani, Frank Santamour, alishauri kwamba mjini aina moja ya mti isizidi asilimia 10, jenasi moja (kundi la aina zilizo karibu kiukoo) isizidi 20, na familia moja (kundi la jenasi) 30. Ni ushauri mzuri, nami naufuata. Ila nilichojifunza kwa miche yangu ni kwamba kuhesabu aina peke yake hakutoshi: ndani ya mringaringa huo huo kuna miti mama mingi, yaani ile inayotoa mbegu, na kila mmoja una urithi wake.

Kwa hiyo nilianza upya, na kukusanya mbegu kulinichukua misimu miwili. Nililenga miti mama 30, nikapata 26. Kati ya mti na mti niliacha kama mita 100, maana miti inayokaribiana mara nyingi ni ya ukoo mmoja. Mingine ilikuwa Tukuyu, kwenye mvua nyingi. (Mzee mmoja kule alinipandia juu mwenyewe kunichumia, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, baba.) Mingine ilikuwa Mbalizi, na mingine chini upande wa Igurusi, kunakoelekea joto la Usangu. Matunda yake yananata sana, kwa hiyo nilisugua nyama yake ndani ya maji hadi kokwa zikatakata. Kila kiriba, mfuko wa kuoteshea mche, nilikifunga kipande cha kopo la soda nilichochora namba ya mama kwa msumari. Bila namba hizo nisingejua lolote.

Kitalu kilinijaribu. Miche ya Tukuyu ilikimbia, ya Igurusi ikabaki mifupi, na kila mgeni alinyooshea kidole ile mirefu. Nilijizuia kuchagua kwa urefu. Niliyoitupa ni ile tu iliyojikunja mizizi ndani ya kiriba au yenye shina bovu, kisha kila mama nikampa nafasi barabarani, nikiwachanganya.

Oktoba ya pili, namba zilisema. Miche mingi ya Tukuyu ilikuwa imekauka ncha, ingawa ya mama wawili wa huko huko ilisimama imara, jambo ambalo sikulitarajia. Ya Igurusi ilikuwa bado na majani. Namba 14 haikupoteza hata mche mmoja.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa mtaa wa pili alikuja kuomba miche 40, yote ya namba 14. Nilimweleza kisa cha ile 60, nikampeleka kuona visiki vilivyobaki. Akaondoka na miche ya mama tisa, na namba zake zote ameziandika kwenye daftari.