Uliza jumla kwanza: tulivyochagua gari la familia na mkopo wake

Swali la kwanza utakaloulizwa na muuzaji wa magari, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, ni hili: "Mngependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Linaulizwa kwa upole, na unaweza kudhani ni swali la mtu anayekuhurumia. Nakuomba usilijibu. Ukishataja kiasi cha mwezi, mazungumzo yanaiacha bei ya gari na kuhamia kwenye idadi ya miezi, na miezi hiyo itavutwa na kuvutwa mpaka gari lolote lile lienee kwenye kiasi ulichotaja.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za watu, na nimeona familia zenye kipato kizuri zikihangaika kwa sababu ya gari kuliko kwa sababu ya nyumba. Kwa hiyo zamu yetu ilipofika nilimwambia mume wangu kwamba hatutaingia kwa wakala yeyote wa magari mpaka tuwe tumekubaliana mambo mawili: gari hili ni la kubeba nani, na jumla tutakayolipa hadi siku ya mwisho ya mkopo isizidi kiasi gani. Jumla, narudia. Tuliiandika kwenye karatasi, nikaikunja nikaitia kwenye mkoba.

Swali la kubeba nani lilikuwa na jibu lake. Sisi ni sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Gari letu la zamani lilikuwa na viti vitano. Tukitoka, lazima mtu abaki, na aliyekuwa anabaki ni Mama. "Nendeni tu wanangu, mimi nitapumzika." Alilisema hilo mara nyingi mno kwa moyo mweupe, na mimi lilikuwa linanichoma. Hatukuwa tunatafuta gari la kupendeza. Tulitaka gari ambalo Mama hataachwa.

Basi tukaenda na mzigo wetu wote. Viti vya watoto, kigari cha kusukumia mtoto, fimbo ya Mama, na Mama mwenyewe. Ushauri huu nautoa kwa yeyote anayenunua gari la familia: usiende mikono mitupu. Picha ya kwenye tangazo inaonyesha viti saba vitupu, na viti vitupu vinaenea kila kitu. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alimwomba Mama akae kwenye kochi wakati sisi tunazunguka. Mama akamjibu, "Mwanangu, kochi hatulinunui," akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa gari.

Kulikuwa na gari moja lililotuvuta sana. Ndani pana, kiyoyozi kinafika mpaka nyuma, dashibodi safi. Tukafunga viti vya watoto safu ya pili, kisha mume wangu akajaribu kupita kwenda safu ya tatu. Haikuwezekana. Kwenye gari lile unafika nyuma kwa kulaza na kusogeza mbele kiti cha safu ya pili, lakini kiti kikishafungwa kiti cha mtoto juu yake hakilali tena. Kila mara mtu anapotaka kukaa nyuma, ingebidi tufungue kiti cha mtoto, apite, tukifunge upya. Hebu fikiria mvua inanyesha na mtoto amelala. Tukaliacha palepale, ingawa roho ilikuwa imeshalipenda.

Tulilolichukua lina viti vitatu vinavyojitegemea katika safu ya pili, kila kimoja kinasogea peke yake, kwa hiyo upande mmoja unabaki wazi kwa mtu wa kupita. Jambo jingine ni zile pete za chuma zilizojificha kati ya mgongo na kikalio cha kiti, zinazoitwa ISOFIX, ambazo kiti cha mtoto kinabana hapo badala ya kutegemea mkanda wa gari. Kiwango chake cha kimataifa kilitolewa mwaka 1999, na magari mengi mapya ya familia yanazo, ila mara nyingi ziko kwenye viti viwili tu vya pembeni. Ingiza vidole uzitafute mwenyewe, na kwenye safu ya tatu pia. Na kama mtoto wako bado anakaa akitazama nyuma, usimweke kabisa kiti cha mbele ambacho mfuko wake wa hewa haujazimwa. Mfuko ule hufyatuka kwa nguvu, na unakipiga kiti chake mgongoni.

Kwa Mama tulipima kimo. Gari la chini mno linamfanya adondoke kwenye kiti na ashindwe kunyanyuka. La juu mno linamtaka apande, na magoti hayapandi. Tulitafuta kiti ambacho akigeuka kinyumenyume anakikalia kama kiti cha mezani, halafu anaingiza miguu. Mpini juu ya mlango wa kujishikia nao ni muhimu, na kuna magari hayana. Alipokaa, akafunga mkanda mwenyewe, akatazama nje dirishani na kusema, "Hapa nafika popote."

Buti uifungue safu ya tatu ikiwa imesimama. Kwenye magari mengi ya viti saba nafasi inayobaki hapo ni nyembamba, kigari cha mtoto kinaingia kwa shida. Rangi sitaizungumzia.

Nyota za usalama nilizisoma kwa makini, na ninaomba wazazi wazisome hivyo. Euro NCAP, shirika la Ulaya linaloyapa magari nyota hizo, lilitoa matokeo yake ya kwanza ya kuyagongesha magari kwa majaribio mwaka 1997, na tangu hapo masharti yake yamekuwa yakikazwa. Maana yake nyota tano za miaka mingi iliyopita hazilingani na nyota tano za leo, hivyo tazama mwaka wa jaribio. Halafu kumbuka kwamba gari lenye jina lilelile linaweza kuuzwa soko moja likiwa na mifuko sita ya hewa na soko jingine likiwa na miwili. Muulize muuzaji kuhusu gari hili lililosimama hapa mbele yako, siyo la kwenye video. Ule mfumo unaozuia gari lisiteleze na kupoteza mwelekeo kwenye kona, mimi gari jipya lisilo nao sikubali kuwapakia watoto wangu, hata bei ishuke vipi.

Sasa pesa.

Kwa wakala mnazungumza mambo matatu ambayo kila moja lina hesabu yake: bei ya gari jipya, thamani ya gari lako la zamani kama unalitoa, na mkopo. Muuzaji atapenda kuyachanganya kwenye karatasi moja, kwa sababu yakichanganyika akikupa hapa anachukua pale na wewe huoni. Tulikataa kwa heshima. Gari la zamani tulikuwa tumeshalitafutia bei kwa wanunuzi wengine, tukajua thamani yake. Bei ya jipya tulibishana peke yake mpaka ikaandikwa. Mkopo tukauacha wa mwisho, na mkobani nilikuwa na barua ya benki yetu inayosema wako tayari kutukopesha kiasi gani na kwa riba gani.

Barua ile ilitusaidia kuliko jambo jingine lolote. Mara nyingi wakala siyo anayekukopesha. Anapeleka maombi yako kwa mkopeshaji, na analipwa kamisheni kwa kukuleta. Katika baadhi ya nchi anaruhusiwa kuongeza kidogo juu ya riba aliyopewa na kubaki na tofauti. Kwa hiyo riba anayokutajia siyo amri iliyoshuka kutoka juu. Inajadiliwa kama bei inavyojadiliwa. Riba ya kwanza tuliyotajiwa ilikuwa juu ya ile ya benki. Nikaiweka barua mezani, bila maneno mengi. Kijana akaomba ruhusa, akaingia ndani kwa meneja, akarudi na riba iliyo chini ya ile ya barua.

Lakini usilinganishe riba mbili kabla hujajua kila moja inapigwaje. Hapa ndipo nataka utulie kidogo. Tuseme umekopa 100, za fedha yoyote ile, kwa miaka 4, riba asilimia 10 kwa mwaka. Kama riba inapigwa kwenye mkopo wa mwanzo, ni 10 kila mwaka, jumla 40, unarudisha 140. Kama inapigwa kwenye salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki kila mwezi, riba yote inakuwa karibu 22, unarudisha kama 122. Asilimia ni ileile 10 kwenye matangazo yote mawili! Kwenye hesabu ya kwanza unaendelea kutozwa riba ya pesa ulizokwisha kurudisha, na ukiipima kwa kipimo cha salio linalopungua, ile 10 ni zaidi ya 17. Ndiyo maana nasema uliza jumla. Jumla haina pa kujificha: marejesho ya mwezi mara idadi ya miezi, ongeza malipo ya awali, ongeza ada zote.

Muda wa mkopo nao uutazame kwa jumla. Kopa 100 kwa asilimia 12 kwenye salio linalopungua. Kwa miezi 36 utalipa riba chini kidogo ya 20. Kwa miezi 60, marejesho ya mwezi yanapungua kwa theluthi, moyo unapoa, ila riba inafika zaidi ya 33. Na kuna hatari ya pili. Gari jipya hushuka thamani kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, wakati deni la mkopo mrefu linashuka polepole. Katikati hapo unaweza kuwa unadaiwa kuliko gari linavyouzika. Likiibiwa au likiharibika kabisa, bima kwa kawaida inalipa thamani ya gari siku hiyo, haikulipii deni lililobaki. Tulitoa malipo ya awali makubwa kadiri tulivyoweza bila kugusa akiba ya dharura, na tukachukua muda mfupi ambao mshahara wangu peke yake ungeumudu kama wa mume wangu ungesimama.

Tulipewa pia mpango wenye marejesho madogo ya kuvutia, na mkupuo mkubwa wa kulipa mwezi wa mwisho. Kuna watu unaowafaa, wenye biashara inayoingiza pesa kwa msimu labda. Kwa familia ya mshahara niliuona ni kuwaahirishia watoto tatizo, nikaukataa. Na ukiona tangazo la riba sifuri, uliza bei ya mtu anayelipa taslimu. Mara nyingi anayechukua riba sifuri anakosa punguzo, na punguzo lile ndiyo riba yenyewe.

Siku ya kusaini utaingizwa ofisi nyingine, kwa mtu mwingine. Umechoka, watoto wana njaa, na gari umeshaliona ni lako. Hapo ndipo vinapoletwa vya kuongezea: dawa ya kulinda rangi, waranti ya nyongeza, bima ya mkopo, alama kwenye vioo. Kila kimoja kinatajwa kwa kiasi cha mwezi, kidogo kabisa, na kila kimoja kinaingia ndani ya mkopo na kuanza kula riba. Bima ya mkopo inaweza kuwa na maana kama ninyi hamna bima nyingine ya maisha, lakini itafutie bei nje kwanza. Mimi nilisoma ukurasa kwa ukurasa huku mume wangu akiwalisha watoto, na ndugu zetu waliotusindikiza wakicheza nao. Nilikuta huduma moja ambayo hatukuiomba ikiwa tayari imepigwa kwenye hesabu. Nikaomba itolewe, wakaitoa, wakachapa mkataba upya.

Kwenye mkataba tafuta kipengele cha kulipa kabla ya wakati. Kuna wakopeshaji wanaotoza adhabu, na kuna wanaopokea pesa ya ziada na kuihesabu kama rejesho la mwezi unaofuata badala ya kupunguza deni. Nilitaka iandikwe kwamba pesa ya ziada inakwenda kwenye deni, na ikaandikwa.

Bima kubwa, ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, karibu kila mkopeshaji ataitaka mpaka deni liishe. Iulizie bei kabla hujachagua gari. Magari mawili ya bei sawa yanaweza kutofautiana sana kwenye bima, na kwenye vipuri vilevile.

Siku ya kukabidhiwa nenda mchana, ukague kwenye mwanga. Linganisha ile namba ya fremu yenye herufi na tarakimu 17 na iliyoandikwa kwenye mkataba. Hesabu funguo, ziwe mbili. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Nyanyua zulia la buti utazame kama kuna tairi ya akiba, maana magari mengi mapya yanakuja na kopo la dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo tu. Letu lilikuja hivyo, na kwa kuwa tulikuwa bado hatujasaini hati ya kupokea, tuliomba tairi kamili pamoja na jeki yake. Walituletea.