Wastani wa changu wa Malindi na ile 95%

Hebu tuseme unataka kujua samaki aina ya changu wanaoshushwa hapa Malindi wana uzito gani kwa wastani. Wote huwezi kuwapima, wachuuzi watakufukuza na mizani yako. Unachukua 25 tu, bila kuchagua, unapata wastani gramu 620 na stendadi divisheni (kipimo cha jinsi uzito unavyotawanyika kuzunguka wastani) gramu 100. Sasa hiyo 620 usiiamini sana, ungechukua wengine 25 ingekuja namba nyingine, ndo maana tunaweka masafa, yaani namba ya chini na ya juu, kwa uhakika wa 95%: 100 gawa kwa kipeuo cha 25 unapata 20, zidisha na 2.064, ni kama 41, kwa hiyo kati ya gramu 579 na 661.

Mbona 2.064 na si 1.96, ile namba ya kila siku ya masafa ya 95%? Kwa sababu mtawanyiko wa changu wote hatuujui, tumeukisia kwa hao hao 25, na hapo tunamshukuru Gosset, jamaa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyeanzisha njia hiyo 1908 akijificha kwa jina "Student".

Wengi wanateleza hapa: 95% haisemi chochote kuhusu haya masafa yako pekee. Wastani wa kweli umo ama haumo, basi. Mwanatakwimu Neyman, 1937, alisema uhakika ni wa njia yenyewe, ukirudia zoezi mara nyingi mno, kama masafa 95 kwa kila 100 yataunasa.

Na ukipima baada ya mahoteli kubeba wakubwa wote, hata uchukue 2,000, masafa yatazidi kubana tu kwenye namba isiyo sahihi.