Ziwa Mead: nilivyopanga safari kwa kuanzia kwenye kimo cha maji

Wengi hupanga safari ya Ziwa Mead kwa kuchagua tarehe kisha kufungua ramani. Ramani haijui maji yako wapi leo. Ziwa hili liko mpakani mwa Nevada na Arizona, nyuma ya bwawa la Hoover lililokamilika mwaka 1935. Likijaa hufika futi 1,229 juu ya usawa wa bahari. Julai 2022 lilikuwa kwenye futi 1,040 hivi, pungufu ya karibu mita 57. Mkanda mweupe unaoonekana miambani ni madini yaliyoachwa na maji. Maji yakirudi nyuma kiasi hicho, njia ya zege ya kushushia boti huishia kwenye kokoto kavu. Kwa hiyo nilisoma kwanza kimo cha maji cha wiki ile, kisha tangazo la hifadhi kuhusu njia zilizo wazi, ndipo nikachagua njia ya boti ya Hemenway, na kambi ya Boulder Beach iliyo jirani.

Mwezi nao: Oktoba. Kiangazi joto hupita nyuzi 43 za Selsiasi, na njia za miguu kama ile ya Gold Strike hufungwa kuanzia 15 Mei hadi 30 Septemba. Huko kuna chemchemi za moto. Usizamishe kichwa: ameba (kijidudu kisichoonekana kwa macho) aitwaye Naegleria fowleri huingilia puani, na akifika kwenye ubongo ni wachache wanaopona.

Hesabu ya maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 48; ukiongeza 12 za kupikia unapata madumu matatu ya lita 20. Yagawe, moja likae kivulini kambini, mengine garini. Vigingi vyembamba vya alumini viache nyumbani, maana ardhi ni ya kokoto ngumu na upepo wa usiku hung'oa hema. Vya chuma, virefu, na nyundo.

Upepo ndio hatari ambayo wageni huidharau kuliko zote. Tulipanga kuingia majini saa 12 asubuhi na kutoka kabla ya saa 5, na utabiri ukisema kilomita 24 kwa saa, kayaki zinabaki juu ya gari. Maboya ya kupuliza sikuyabeba kabisa: upepo ukitoka nchi kavu huyasukuma kwenye kina haraka kuliko mtu anavyoogelea. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe; likiwa chini ya kiti halimsaidii mtu aliyekwisha kuanguka.

Ukienda Willow Beach, chini ya bwawa, kumbuka maji yale hutoka kilindini na ni baridi kali hata jua likiwaka. Pia huo ni upande wa Arizona, ambako saa hazisogezwi mbele kiangazi kama Nevada: majira ya baridi iko saa moja mbele ya Nevada, na aliyekodi kayaki kwa saa ya Las Vegas atachelewa.

Wakati wa kuondoka tenga nusu saa. Kome wa kwaga (quagga), kome wadogo wavamizi, waligunduliwa humu Januari 2007, na wachanga wao hawaonekani kwa macho. Huishi kwenye maji yaliyobaki ndani ya boti au kayaki, na hivyo unaweza kuwapeleka ziwa jingine. Futa, mwaga, kausha, na kizibo cha chini ya boti kibaki wazi hadi nyumbani.