Rezista iliyoungua mara mbili

Harufu ya bodi iliyoungua ukishaizoea huipotezi, yaani kabla hata sijafungua kile kiboksi cha bodi inayoendesha mlango wa kadi nilishajua humo ndani kuna kitu kimekufa. Mlinzi alikuwa amenipigia asubuhi, "fundi, kadi zinasoma vizuri tu, taa ya kijani inawaka, ila mlango haushiki, umekaa wazi tangu jana." Anayezijua hizi kufuli za sumaku hapo ameshapata nusu ya jibu, maana zinashika mlango zikiwa na umeme na zikiukosa zinaachia, kwa hiyo mlango kukaa wazi maana yake umeme haufiki kwenye kufuli.

Nikang'oa bodi nikaenda nayo mezani. Pembeni ya rilei (swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme) ya mlango wa kwanza kulikuwa na doa jeusi na katikati yake kitu ambacho siwezi hata kukiita kipuri, kimebaki jivu na vipande viwili vya bati. Namba haisomeki, rangi hakuna, na mchoro wa saketi za bodi kama hizi usitegemee kuupata. Bahati nzuri bodi yenyewe ni ya milango miwili na waliotengeneza wamerudia saketi ileile kwa kila mlango, kwa hiyo nikafuata njia za shaba upande wa pili mpaka nikamkuta pacha wa marehemu, rezista bapa, yaani kipuri cha kubana umeme, imeandikwa R22. Hiyo herufi R inakaa badala ya nukta, kwa hiyo ni 0.22 ya omu, wala siyo omu 22 kama nilivyowahi kuisoma siku zangu za mwanzo nikahangaika siku nzima. Kufuli ikivuta nusu ampea rezista hii inakula volti 0.11 tu, hakuna atakayeona tofauti, lakini ampea zikizidi sana yenyewe ndiyo inatangulia kufa.

Kazi iliyonichosha siyo rezista ila lile doa. Wengi wanafuta juujuu kwa spiriti wanachomelea kipuri kipya juu ya weusi, kumbe bodi ikiungua mpaka ndani ule mkaa unapitisha umeme. Nilikwangua kwa ncha ya kisu taratibu mpaka nikaona nyuzi za ndani za bodi zimekuwa nyeupe, nikasugua kwa mswaki na alkoholi, nikaacha ikauka, kisha nikaweka mita kwenye skeli ya omu ya juu kabisa kati ya njia mbili zilizopakana na doa na haikusoma kitu, hapo ndo nikaridhika. Njia moja ya shaba ilikuwa imeinuka kama ganda la kitunguu nikaikata, nikapitisha kiwaya kutoka mguu wa rilei hadi kwenye konekta, na shimo nikalijaza gundi ya epoksi. Rezista mpya, lehemu mpya, nikawasha volti 12, nikapitisha kadi, rilei ikalia tak. Nikajiona bingwa.

Nikairudisha mlangoni, nikafunga waya zote, nikawasha. Sekunde moja, moshi. Palepale, rezista ileile. Nilichomoa waya nimeinamisha kichwa kwa aibu, na mlinzi amesimama nyuma yangu anasema kwa upole kabisa, "ndo ilivyofanya na jana, yule jamaa alipomaliza kubadilisha kufuli." Nikageuka. Kufuli imebadilishwa? Jana? Kumbe hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza, mi nimeitiwa bodi nikaikimbilia bodi, na mezani nimeipima bila kufuli, kwa hiyo nilichothibitisha ni kwamba bodi haina tatizo ikiwa haifanyi kazi yake.

Sasa ndo nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla ya kushika bisibisi. Nikachomoa kufuli kwenye bodi nikapima waya zake mbili. Kufuli ya volti 12 inayovuta nusu ampea inatakiwa isome kama omu 24, gawa tu 12 kwa 0.5. Yangu ikasoma 0.4. Nikafungua kifuniko cha kufuli na hapo kwenye konekta nikakuta dayodi ya 1N4007, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, imefungwa kinyume, ule mstari wake wa kijivu unaangalia hasi.

Dayodi pale inatakiwa iwepo, tusielewane vibaya. Koili ya sumaku, yaani waya uliozungushwa ndani ya kufuli, ukiikatia umeme ghafla inarudisha volti nyingi kwa kishindo, na dayodi iliyokaa sambamba na koili ndo inaumeza mkurupuko huo usiende kula rilei na prosesa. Lakini mstari lazima uangalie chanya. Ukiigeuza unakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, yenyewe inaungua inabaki shoti, na kwa sababu ndani ya kiboksi kuna betri ya akiba ya 7Ah (ampea-saa 7), hata pawasapulai ikijikinga ikapunguza umeme ile betri inaendelea kumwaga ampea bila huruma. Rezista ya watu ilikuwa inatimiza wajibu.

Nikakata dayodi, kufuli ikasoma 24.6. Nikaweka dayodi mpya mstari kwenye chanya, nikarudia kukwangua doa (safari hii dogo), rezista ya tatu, nikawasha. Mlango ukashika! Nikapitisha kadi, tak, taa ya kijani, navuta mlango... umeng'ang'ania. Rilei inalia ila mlango hauachii. Nikapima kwenye NC, pale umeme unapopita rilei ikiwa imelala, nikakuta hata ikiamka umeme bado unapita. Ile shoti ya pili ilikuwa imezichomelea pamoja kontakti za ndani, zile ncha zinazogusana kupitisha umeme, na masikio yangu ndo yalikuwa yananidanganya maana mlio ni wa koili na mkono wake, hauna habari na kontakti. Hili ndo lilinitisha kuliko moshi wote, kwa sababu mlango wazi ni hasara ya mali lakini mlango wa sumaku usioachia watu wakiwa ndani na kuna moto ni kitu kingine kabisa. Kitufe cha dharura nilikijaribu palepale, kinakata waya wa kufuli moja kwa moja bila kupitia rilei, kikaachia. Ningekikuta kinapitia bodi nisingemwachia mtu ule mlango usiku ule.

Rilei nikabadilisha, ya zamani nikaipasua kwa koleo kuangalia, na kweli kontakti zimeshikana kwa kidoa kidogo kuliko punje ya mchele.

Kabla sijaondoka nikafungua na kufuli ya mlango wa pili, ule mzima, maana ilifungwa na fundi huyohuyo. Haina dayodi kabisa. Nimeshaweka moja mfukoni, kesho narudi.