Ruta inakatikakatika? Tazama kwanza saa yake

Kabla ya kumwita fundi, fungua ukurasa wa ruta yenyewe kwenye kivinjari. Anwani yake imebandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Tafuta mstari unaoonyesha imewaka kwa muda gani. Kama ukurasa uko kwa Kifaransa, utaona "Durée de fonctionnement" au maneno ya kufanana na hayo. Andika muda huo pembeni. Intaneti ikikatika tena, rudi uutazame.

Ukikuta umeanza upya kutoka sifuri, ruta ilizimika na kujiwasha, na mshukiwa wa kwanza ni umeme. Ukikuta unaendelea kuhesabu, siku ya tatu, ya nne, na bado hakuna kinachofunguka, ruta haikuzimika: huenda imeelemewa. Mwenye simu mkononi huyaita yote mawili "koneksio imekatika", lakini dawa ya moja haitibu lingine.

Tuanze na umeme, maana hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ndio unaosumbua zaidi. Soma kibandiko cha ruta: mara nyingi ni 12V, ampea 1 au 1.5. Kisha soma chaja. Chaja ya awali ikifa, watu hununua yoyote ambayo pini yake inaingia, na pini ya milimita 5.5 huingia kwenye ruta nyingi. Volti lazima zilingane. Ampea zinaweza kuzidi, zisipungue. Chaja ya ampea 0.5 itaiwasha ruta hiyo, taa zote kijani, mchana kutwa. Jioni nyumba nzima ikifungua video, wifi inavuta zaidi, volti zinaanguka, ruta inajizima na kujiwasha tena. Ukipima chaja ikiwa haijaunganishwa na ruta, multimeta itasoma 12 kamili na kukudanganya. Pima ruta ikiwa kazini, au azima chaja nzima ya kipimo hicho kwa siku moja.

Wenye sola huunga ruta moja kwa moja kwenye betri. Betri ya risasi ya 12V haikai kwenye 12: ikichajiwa hufika 14.4, ikikaribia kuisha hushuka chini ya 11. Weka kidhibiti cha volti katikati, na fyuzi ya ampea 3 kwenye waya chanya, karibu na betri. Mtego uko hapa: moduli ya bei rahisi ya LM2596 hushusha tu, tena hutaka kuingiziwa volti kama moja na nusu zaidi ya zile inazotoa. Betri ikiwa na 12.3, haiwezi kukupa 12. Tafuta moduli inayopandisha na kushusha.

Sasa kuelemewa. Ruta hutunza daftari la kila muunganisho unaopita: simu gani inaongea na seva gani. Daftari hilo lina kikomo, na likijaa, miunganisho mipya inakataliwa. Ndiyo maana WhatsApp iliyokuwa wazi huendelea kupokea ujumbe huku ukurasa mpya haufunguki kabisa. Simu tano za kawaida hazilijazi. Torrent, yaani kupakua mafaili kutoka kwa watu wengi kwa pamoja, hulijaza. Kisanduku cha televisheni cha Android kisichojulikana kimetengenezwa na nani hulijaza pia: mwaka 2023 ilifichuliwa kwamba baadhi huuzwa vikiwa tayari na virusi, vile vilivyopewa jina la BADBOX.

Kumtafuta mlaji wa intaneti, usiiamini sana orodha ya vifaa. Simu za tangu Android 10 na iOS 14 huweza kujificha kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya kubuni, kwa hiyo "mwizi" unayemwona huenda ni simu ya shangazi sebuleni. Fungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta: ping -t 192.168.1.1 (au anwani ya ruta yako) na ping -t 1.1.1.1, ambayo ni seva ya nje kwenye intaneti. Kila moja huonyesha jibu limechukua milisekunde ngapi. La kwanza likirukaruka, shida ni wifi; hamia chaneli 1, 6 au 11. La kwanza likitulia na la pili likipanda hadi 900, zima vifaa kimoja kimoja, ukingoja dakika mbili kila mara. Namba zikianguka ghafla hadi 60, umemshika. Kwenye Windows, zima "Autoriser les téléchargements à partir d'autres PC"; ikiruhusiwa kwa kompyuta za intaneti nzima, hutumia mega zako kuwagawia wengine masasisho.

Google ikikuambia imeona "trafic exceptionnel", usiogope mara moja. Zima VPN kwanza, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Kisha tazama anwani ya WAN ya ruta, yaani ya upande wa kampuni ya intaneti: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine wa kampuni yako, na mchafuzi anaweza kuwa mtu usiyemjua kabisa.

Wenye ruta ya SIM wanaokaa upande unaotazama Rwanda wafunge data ya roaming na kuchagua mtandao kwa mkono, la sivyo ruta hushika antena za ng'ambo ya mto Ruzizi.

Ukishakuwa na hakika kwamba ruta yenyewe imechezewa, kwa mfano DNS (seva inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) imebadilishwa na si wewe, irudishe ilivyotoka kiwandani. Lakini kwanza nakili mipangilio ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni yako: APN kwa ruta ya SIM, au jina na neno la siri la PPPoE kwa ruta ya waya. Wengi hukumbuka hili wakiwa tayari wamebonyeza. Chomoa waya wa intaneti au toa SIM. Bonyeza tundu la reset kwa sindano sekunde 10 hadi 15. Badilisha neno la siri la msimamizi, funga usimamizi wa mbali, UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia milango ya ruta) na WPS (kuunganisha wifi kwa kitufe au PIN), ndipo urudishe waya na usasishe programu ya ruta. Mpangilio huu una sababu: Mirai, kirusi cha mwaka 2016, kilifutika kifaa kikizimwa, lakini chenye neno la siri la kiwandani kiliweza kuambukizwa tena ndani ya dakika chache. Kisanduku cha televisheni kiunganishe mwisho, madirisha ya ping yakiwa bado wazi.