Siku moja nyuma ya mashine ya kahawa, Mbeya

Saa 11:20 alfajiri, mwezi wa 7. Kufuli la mlango nalishika kwa upindo wa kitenge, maana baridi ya Mbeya msimu huu haitaki mkono mtupu. Watu wakisikia unafanya kazi kwenye mgahawa wa kahawa hudhani kutwa unachora majani juu ya maziwa. Kazi yenyewe ni umeme, maji, maziwa na viti. Kahawa inakuja ya tano.

Naanza na mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Siku yenye wateja wengi tunakula uniti 20 na kitu, kwa hiyo nikikuta chini ya hapo nanunua kabla ya kugusa kingine chochote. Kisha nawasha mashine. Taa ya kijani huwaka baada ya dakika kumi na kitu, na hapo ndipo wageni wa kazi hii hukosea. Boila limeshika moto, lakini vichwa vya chuma vinapofungwa vikombe vya kuchujia bado ni baridi, na kahawa itakayopita humo itatoka chachu. Naipa mashine dakika 40. Huku nyuma nafagia, nashusha viti na kukamua vitambaa.

Saa 12 hivi naseti kinu cha kusagia. Kipimo chetu ni gramu 18 za unga, zitoe gramu 36 za espreso kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 15, unga ni mkubwa mno, kahawa inakuwa nyepesi yenye ukali wa ndimu. Ikivuta hadi 45, unga ni laini mno, inakuwa chungu ya kuungua. Vikombe viwili vya kwanza humwagwa. Wapo wanaoona ni uharibifu, lakini hao hawajawahi kurudishiwa kikombe na mteja aliyelipa. Kinu kikishapata joto mchana kahawa hubadilisha mwendo tena, kwa hiyo seti ya asubuhi ni ya asubuhi tu.

Buni zetu ni arabika ya Mbozi, ambayo tangu 2016 imehesabiwa mkoa wa Songwe, ila kwetu bado ni jirani wa mlango wa pili. Ukiingia mgahawa usioujua, uliza kahawa imekaangwa lini. Tarehe ya kuisha muda haikusaidii. Iliyokaangwa juzi bado imejaa gesi, inatoa povu jingi na haitulii kwenye mashine. Ya wiki moja hadi nne ndiyo tamu. Anayekuhudumia akikutazama kama umemuuliza umri wa mama yake, agiza chai. Chai ya Rungwe haijawahi kumwangusha mtu.

Kabla sijafungua nasaga gramu 250 za unga mkubwa, nazifunga kwenye kopo lisilopitisha hewa. Hiyo ni akiba ya umeme ukikatika, kwa sababu kinu hakisagi bila umeme, na hata boila likibaki na moto, pampu haisukumi maji.

Saa 12:15 mama wa maziwa anafika kwa bodaboda kutoka upande wa Uyole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo lita 22."

Maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, kipimo cha kuelea, kile cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, husoma chini kuliko ukweli, na muuzaji anaonekana mwizi bure. Nayaacha yapoe kwenye beseni la maji baridi hadi nyuzi 20 hivi ndipo napima. Yakisoma kati ya 1.028 na 1.032 yako sawa. Yakishuka chini ya 1.026 tunazungumza. Kisha nachemsha kijiko kimoja pembeni. Yakikatika yameanza kuchacha, na ndoo nzima itakatika mbele ya mteja. Mazima nayachemsha, nayapoza haraka na kuyatia kwenye friji, kwa sababu maziwa hujaa povu zuri yakianza mvuke yakiwa baridi. Kwenye kapuchino nayafikisha nyuzi 60 hadi 65. Yakipita 70 povu huvunjika na harufu inageuka ya yai la kuchemsha.

"Ndaga fijo, mama." Ni asante sana kwa Kinyakyusa.

Kuanzia saa 1 hadi saa 2:30 ni wa kubeba: madereva, walimu, wa benki, kikombe cha karatasi na andazi, asante, anayefuata.

Saa 3 kasoro wanaanza kuingia wa kompyuta, na hapa nawaeleza jinsi ya kuchagua mgahawa wa kufanyia kazi, maana nawaangalia wakikosea kila siku.

Wengi hukimbilia sofa la dirishani. Lile liliwekwa kwa ajili ya picha. Meza yake inafika magotini, na baada ya saa moja utaona mtu ameukunja mgongo kama anatafuta sindano. Meza ya kufanyia kazi iwe na kimo cha sentimita 72 hadi 75, kiti sentimita 45, na soketi iwe ukutani karibu na mkono wako, usivute waya kukatiza njia ya wahudumu. Kaa mbali na kinu, kwa sababu mtu wa upande wa pili wa simu anakisikia kuliko unavyokisikia wewe. Dirisha la magharibi lina raha asubuhi, ila ifikapo saa 9 mchana jua limekaa kwenye kioo chako. Wageni wa nje ya nchi waje na plagi ya pini tatu za mraba. Tunayo moja ya kuazimisha, na kwa kawaida imeshaazimwa.

Waifai ijaribu kabla ya kuagiza, na uangalie kasi ya kupandisha, si ya kushusha peke yake. Mtu anaweza kutazama video vizuri kabisa halafu akakwama kwenye mkutano, kwa sababu mkutano unataka picha yako ipande. Kwetu nimeweka kikomo kwa kila kifaa, la sivyo mmoja anapakua filamu na wengine kumi na wawili wanabaki kutazama duara likizunguka. Kuta zetu ni za matofali ya kuchoma, nene. Ile mitandao miwili unayoiona kwenye orodha, wa haraka haufiki chumba cha nyuma, chagua wa polepole.

Swali la mwisho, na ndilo kubwa: umeme ukikatika, ni nini kinabaki kinawaka? Wengi watakujibu "tuna jenereta". Endelea kuuliza kama ruta nayo imeunganishwa huko.

Saa 4:40 akaingia kaka mmoja wa suti, simu mbili, kompyuta mpakato na begi kubwa jeusi. Akaagiza chai ya rangi ya shilingi 2,000, akachukua meza ya watu wanne, akatandaza makaratasi na kuchomeka ekstensheni yake kwenye soketi ya ukutani. Hatukatazi. Kiti ndicho tunachouza, na kikombe ni namna ya kukilipia. Mtu akiagiza kitu kila saa na nusu hivi, hakuna atakayemwangalia vibaya. Chai moja tu tangu saa 4:40 ni hesabu nyingine, lakini tulinyamaza.

Saa 6:10 umeme ukakatika.

Hapa lazima nieleze mtambo, maana bila hesabu hii hamtaelewa kilichonipata. Akiba yetu ni betri moja ya volti 12, amperi-saa 200, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, ya VA 1,000, yaani kama wati 800 za kazi halisi. Ruta inakula wati 12, taa 60, na kompyuta saba zilizokuwepo kama 50 kila moja. Jumla 420 na kidogo. Betri ya aina hii ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, yaani wati-saa 1,200, na inveta nayo inakula kidogo, kwa hiyo tuna saa mbili na nusu za kulindana. Mashine ya kahawa haimo, friji haimo.

Nikahamia kwenye jiko la gesi na vichujio. Gramu 30 kutoka kwenye lile kopo, mililita 480 za maji. Unamimina 60 kwanza na kusubiri sekunde 40 gesi itoke, kisha unaendelea taratibu hadi dakika tatu na nusu. Uzuri wa Mbeya ni kwamba tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, joto linalofaa kahawa kabisa. Huhitaji kusubiri yapoe.

Nikiwa na birika mkononi, inveta ikapiga kelele na kuzima. Giza, ruta chini. Dada wa meza ya ukutani alikuwa kwenye usaili wa kazi kwa video. Nikachomoa vitu, nikasubiri, nikawasha. Ruta huchukua kama dakika tatu kurudi, na mtu aliye katikati ya usaili anaziona kama thelathini.

"Dada, waifai yenu mbovu," akasema kaka wa chai.

"Samahani kaka, umeme wa akiba umezidiwa. Nipe dakika tatu."

Ikarudi. Nikamimina kikombe kimoja na nusu. Ikazima tena. Kumbuka ni saa 6:30, watu wa chakula wameshaanza kuingia, jikoni wanauliza wali wa meza ya tano, kichujio kimepita muda na kahawa imeshakuwa chungu, naimwaga. Dada wa usaili ananiangalia tu, hasemi kitu, na hilo ndilo linaumiza zaidi. Nikamwashia hotspoti ya simu yangu, bando langu mwenyewe, nikaanza kufuata waya mmoja mmoja kama mtu anayetafuta panya.

Waya wa ekstensheni ukanipeleka chini ya meza ya watu wanne. Begi jeusi lilikuwa wazi.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Printa tu. Ndogo."

Ndogo kwa umbo. Printa ya leza ina sehemu inayopashwa moto ili wino wa unga ushike kwenye karatasi, na inapoamka hiyo sehemu pekee inaweza kuvuta wati 800 au 900. Ongeza 420 zetu uone. Kila alipobonyeza kuchapa, aliwazima watu saba, yeye mwenyewe akiwemo.

"Nina zabuni, mwisho saa 8."

Nikamwambia ipo stesheneri upande wa Kabwe yenye jenereta, akachape huko kwa bei ya ukurasa. Akanieleza haki za mteja. Akaeleza tena kwa Kiingereza, nadhani ili ziongezeke uzito. Mwishowe akaita bajaji, akaondoka na printa kifuani kama mtoto, na koti akaliacha kwenye kiti kulinda meza ya watu wanne, saa ya chakula, watu wamesimama mlangoni na sahani.

Nililitundika koti kwenye msumari. Meza ikakaa watu.

Chakula cha siku hiyo kilikuwa wali wa Kyela, maharage, mchicha na parachichi. Ugali tunapika pia, ila kwa mtu wa kompyuta nampendekezea wali, kwa sababu kijiko kinaacha mkono mmoja mkavu, na vibonye vyenye mafuta ya mboga nimefuta vya kutosha. Maharage yetu hulala kwenye maji tangu usiku. Zile nyuzi 94 zinazoisaidia kahawa ndizo zinazoyachelewesha maharage. Mpishi akitoka Dar huapa kwamba tunauziwa ya zamani.

Umeme ulirudi saa 8 na dakika ambazo sikuziangalia. Mashine dakika 40 tena. Kinu seti tena. Dada wa usaili akalipa, akaondoka. Hakusema umeendaje na sikumuuliza.

Mchana baada ya hapo umeshikana wote. Jua la magharibi likaingia, watu watatu wakahama meza. Mwanafunzi akamwaga juisi, soketi ya chini ikafungwa hadi ikauke. Miguu kuanzia magoti kushuka haikuwa yangu tena. Wakati fulani kaka wa zabuni akarudi, akavaa koti lake, akaomba kile kikombe chake cha asubuhi kiongezwe maji ya moto. Nikamletea chai mpya na bei yake. Akanywa. Kisha akaomba risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, iandikwe "chakula na ukumbi, 25,000".

"Bosi, mashine inatoa kilichouzwa. Chai mbili, 4,000."

Akaondoka bila risiti, nami nikamfuata nayo hadi mlangoni, kwa sababu faini ikija haitamtafuta yeye peke yake.

Jioni ni wanandoa, wanafunzi na mzee mmoja wa kahawa nyeusi anayekaa dakika 20 na hajawahi kuuliza nywila. Kisha usafi. Kichujio kisicho na tundu, nusu kijiko cha dawa ya mashine, nasukuma maji mara tano kwa sekunde kumi kila moja, narudia bila dawa hadi maji yatoke meupe. Bomba la mvuke nalipumulisha, maana maziwa yaliyobaki ndani hukauka na kesho yanalifanya linuke. Unga uliosalia kwenye kopo ni wa wafanyakazi. Maharage kwenye maji.

Saa 3 usiku na kitu. Mita inasoma 6. Nanunua kwa simu, naanza kuingiza tarakimu 20 za tokeni kwa vidole vinavyonuka dawa ya mashine, nakosea ya kumi na saba, naanza upya.