Siku moja maishani mwangu: najifunza stili ya pedali, Nashville

Saa 10:30 alfajiri. Mtaa wa Antioch bado umelala. Navaa hedifoni nisiwaamshe wenzangu, navisha vidole viwili kucha za chuma, dole gumba ukucha wa plastiki, nakaa kwenye stili ya pedali: gitaa linalolala mbele yangu, lenye pedali chini na kipande cha chuma ninachotelezesha juu ya nyuzi. Leo ni kionjo kimoja tu, yaani kipande kifupi cha muziki, freti ya 3 (mstari wa tatu unaoonyesha pa kuweka chuma). Nachuna uzi wa 6, wa 5 na wa 4: kordi ya G, noti tatu zinazolia pamoja. Nakanyaga pedali A na B kwa pamoja. Uzi wa 6 unapanda kutoka B hadi C, wa 5 kutoka D hadi E, wa 4 unabaki palepale. Tayari ni kordi ya C, na chuma kilichoko mkono wa kushoto hakijasogea hata kidogo. Kile kilio cha muziki wa country kinatoka hapo. Mpiga stili Bud Isaacs alikipiga kwenye "Slowly" ya mwimbaji Webb Pierce, wimbo uliovuma 1954: alikanyaga pedali huku nyuzi zikiendelea kulia, na wapigaji wengine wa stili wakataka pedali kwenye magitaa yao.

Saa 1 asubuhi. Kazini, nyumba ya kulelea wazee. Vitanda, kuogesha, chai. Mzee mmoja anampenda mwimbaji wa country Jim Reeves, niliyemzoea redioni kwetu Nakuru, basi namwekea nikiwa namnyoa ndevu.

Saa 6 mchana. Nikila naandika daftarini kordi ya G inapopatikana: freti ya 3 bila pedali, ya 6 kwa pedali A pamoja na wenzo unaosukumwa kwa goti, unaopandisha nyuzi za E kuwa F, ya 10 kwa A na B. Kionjo usichoweza kukipiga sehemu zote tatu bado hujakijua. Ndiyo maana sikimbilii vingi.

Saa 12 jioni. Robert's Western World, baa ya muziki wa country mtaa wa Broadway. Naketi upande wa stili, macho kwenye miguu ya mpigaji. Mguu wa kushoto anaulaza: ukingo wa kiatu unashika A peke yake, kisha kifundo kinageuka na B inafuata, laini kabisa. Wa kulia hautoki kwenye pedali ya sauti. Anaifungua kidogokidogo kadiri noti inavyofifia, na noti inadumu. Mazoezi ya mikono pekee hayakufikishi huko. Naweka bakshishi kwenye ndoo ya bendi, naondoka.

Saa 3 usiku. Kionjo kilekile, freti ya 10. Hapa naanza pedali zikiwa chini, G. Nikiachia napata D. Kesho freti ya 6, na goti.